Ngazi za Matombo

Oktoba 2022, Dar es Salaam ilipoanza kupata maji kwa mgawo, vidole vingi vilielekezwa Uluguru, kwa wakulima wanaolima kando ya vijito vinavyolisha Mto Ruvu. Nasoma shahada ya uzamili hapa Morogoro, na lawama hizo hazikunishangaza. Nilishazikuta kwenye historia ya mkoloni.

Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Hofu yao haikuwa ya uongo: mvua ilikuwa ikishusha udongo, mito ikijaa tope. Tatizo lilikuwa dawa. Miteremko ikatwe matuta ya ngazi, na kuchoma mashamba kukome. Aliyekaidi alitozwa faini.

Waluguru hawakukataa kwa uvivu. Udongo wenye rutuba kule ni tabaka jembamba. Ukikata ngazi vibaya unaufukia, unaleta juu udongo usiozaa. Mahindi yakadumaa. Na kulikuwa na jambo ambalo, nadhani, mabwana shamba hawakulipa uzito: shamba ni la nani? Waluguru hufuata ukoo wa mama, na ardhi ni ya ukoo. Mume anayelima kwenye ardhi ya ukoo wa mkewe avunje mgongo kuchimba ngazi za kudumu, halafu ndoa ikivunjika azibebe vipi?

Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akafa. Ngazi zikaachwa. TANU, chama cha mwaka mmoja tu, kikapata masikio milimani.

Nusu karne baadaye mashirika ya CARE na WWF yalipeleka Kibungo nini? Matuta ya ngazi! Safari hii yalikuja pamoja na fanya juu, miti, na malipo kwa mkulima, DAWASCO na Coca-Cola Kwanza wakichangia kama watumiaji wa maji. Fedha hazikuwa nyingi. Watu walichimba.

Sasa Bwawa la Kidunda linajengwa kwenye Ruvu, la kuhifadhi mita za ujazo milioni 190 kwa ajili ya miezi ya ukame. Sehemu ya tope litakaloingia humo itatoka kwenye miteremko ileile. Rasimu ya tasnifu yangu ina sura ya mvua, ya mtiririko wa mto na ya mahitaji ya jiji. Sura ya mwenye shamba nimeianza wiki hii, na imebidi nianzie Matombo.