Kaharabu, Rangi na Cheche

Msomaji, chukua kitana cha plastiki siku ya jua kali, ukichane nywele zako zilizo kavu, kisha ukisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Utaona vipande vile vikiruka na kukinata kitana kana kwamba vina uhai. Watoto hucheka waonapo jambo hili, na watu wazima hulisahau mara. Lakini mchezo huu mdogo ndio mama wa kazi kubwa ifanywayo leo viwandani, kazi ya kupaka rangi vyuma kwa nguvu za umeme. Tena ndani ya mchezo huu mna hatari iwezayo kuteketeza jengo zima pamoja na waliomo. Nataka tuifuate historia yake toka mwanzo, maana ajuaye kitu kilikotoka hukitumia kwa akili zaidi kuliko yule aliyekikuta tu.

Watu wa kale hawakuwa na plastiki, lakini walikuwa na kaharabu. Hii ni utomvu wa miti ya zamani sana uliogeuka kuwa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya asali, nao ulifanywa shanga na tasbihi. Yasemekana kwamba Thales wa mji wa Miletus, mwenye hekima wa Kigiriki aliyeishi karibu miaka 600 kabla ya Kristo, alijua kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi. Waajemi nao walilijua jambo hilo, wakakiita kitu hiki kwa jina lenye maana ya mnyakua majani makavu. Waarabu wakalichukua jina la Kiajemi, nalo likafika pwani yetu likawa kaharabu. Hata leo Mwarabu akitaka kutaja umeme husema kahraba. Daktari Mwingereza, William Gilbert, alipoandika kitabu chake juu ya sumaku katika mwaka wa 1600, alilitumia jina la Kigiriki la kaharabu kuviita vitu vyote vyenye tabia hiyo, na toka hapo Wazungu wakapata jina lao la umeme. Basi Waarabu na Wazungu, kila mmoja kwa njia yake, waliupa umeme jina la kaharabu. Sisi tuliuita kwa jina la ule mmweko wa mbinguni utanguliao ngurumo. Wao walitazama mvuto, sisi tulitazama moto. Utaona mbele kwamba pande zote mbili zilisema kweli.

Katika mwaka wa 1729 Mwingereza mwingine, Stephen Gray, alitambua kwamba umeme hupita katika vitu fulani, kama vile vyuma na mwili wa binadamu, na kwamba vitu vingine, kama hariri na kioo, huuzuia usipite. Ugunduzi huu ndio mlango wa yote yatakayofuata. Kitu kipitishacho umeme, kikigusana na ardhi, hakiwezi kuuweka umeme huo. Humwagika ardhini kama maji katika mtungi uliotoboka. Lakini kitu hicho hicho kikitengwa na ardhi kwa hariri, kioo au mpira, umeme hukaa juu yake kimya, ukingoja njia. Umeme huu unaongoja ndio tuuitao umeme tuli.

Mtu mmoja aliyelipa thamani ya somo hilo kwa maisha yake alikuwa Georg Richmann, mtaalamu aliyefanya kazi St. Petersburg katika nchi ya Urusi. Mwaka wa 1753 alisimamisha ufito wa chuma juu ya nyumba yake ili apime umeme wa mawingu. Ufito ule haukuunganishwa na ardhi, kwa sababu alitaka umeme ubaki hapo aupime. Tufani ilipokuja, alisogea karibu na chombo chake, na umeme ukaruka kutoka kwenye ufito ukampiga kichwani, akafa papo hapo. Umeme haukumchukia, ulitafuta njia ya kwenda ardhini, naye alisimama pale palipokuwa na njia fupi. Likumbuke jambo hili, kwa kuwa tutarudi kwake.

Sasa tuuache umeme kwa kitambo tuitazame rangi. Kwa karne nyingi rangi ilipakwa kwa burashi. Magari yalipoanza kuundwa kwa wingi, kazi ya burashi ikawa kizuizi kikubwa, maana gari moja liliweza kungojea majuma mengi hata tabaka zake zote za rangi zikauke. Mabomba ya kupuliza rangi kwa nguvu ya hewa yalipoenea mwanzoni mwa karne ya 20, na rangi zikaukazo upesi zilipotokea Marekani katika miaka ya 1920, majuma yalipungua yakawa siku. Huenda umepita karibu na gereji ukamwona fundi amefunga kitambaa puani, kompresa ikinguruma nyuma yake, akipuliza rangi mlango wa gari. Basi umeiona kazi hiyo hiyo.

Lakini kazi hii ina hasara. Hewa ipelekayo matone ya rangi mbele hugonga chuma na kurudi nyuma, ikiyachukua matone mengi pamoja nayo. Kitu kikiwa chembamba, kama kiti cha mabomba au baiskeli, sehemu kubwa ya rangi hupita kando. Rangi hiyo ni mali inayotupwa, ni uchafu ukutani, na ni sumu katika mapafu ya mfanyakazi.

Katika mji wa Indianapolis, Marekani, alikuwako mtu aliyeitwa Harold Ransburg, ambaye kampuni ya jamaa yake ilitengeneza na kupamba vyombo vya nyumbani. Yeye na wenzake waliiona hasara hii, wakajiuliza: ikiwa kitana huvuta karatasi, kwa nini bakuli la chuma lisivute rangi? Mwanzoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wamekwisha kuunda mitambo iliyofanya hivyo. Kwanza walipuliza rangi kwa hewa katikati ya nyaya zenye umeme mkali. Baadaye wakafanya visahani na vikombe vizungukavyo ambavyo hurusha rangi kutoka ukingoni, na umeme wenyewe husaidia kuipasua iwe matone madogo. Mwisho yakaja mabomba ya kushikwa mkononi.

Namna yake ya kufanya kazi ni hivi. Ncha ya bomba hupewa umeme wa volti 30,000 hadi 100,000 hivi. Kila tone la rangi litokapo huchukua chaji. Kwa kuwa matone yote yana chaji ya aina moja, yanasukumana, na kwa hiyo yanatawanyika sawasawa kama ukungu. Kitu cha kupakwa kimening'inizwa kwa kulabu iliyounganishwa na ardhi, basi matone yanavutwa kwake. Hata yale yaliyokwisha kupita kando hugeuka yakarudi kupaka mgongo wa kitu, upande ambao fundi hakuuelekea kabisa. Rangi iliyopotea zamani sasa hukaa mahali pake. Katika miaka ya 1960 njia hiyo ilianza kutumiwa kwa rangi ya unga mkavu, isiyo na thina, ambayo hunyunyiziwa chuma kisha ikapikwa katika tanuri hata ikayeyuka na kushikana.

Hapa, msomaji, utauliza: volti 100,000 mkononi mwa mtu zinakosaje kumwua? Jibu ni kwamba volti ni kani ya kusukuma tu. Kinachodhuru mwili ni wingi wa umeme upitao, nao katika bomba hili hupimwa kwa sehemu za milioni za ampea, kwa kuwa ndani yake mna kizuizi kinachoubana. Bomba lililo zima likikugusa litakushtua, lakini halikukusudiwa kukuua. Hatari kubwa ni moto.

Rangi nyingi huchanganywa na thina, na thina hutoa mvuke uwakao. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni na kujificha katika mashimo. Kuuwasha hakuhitaji kiberiti. Pima mwenyewe: jouli moja ni kazi ya kuinua chenza la gramu 100 kwa kimo cha mita moja. Ukiigawa kazi hiyo katika mafungu 4,000, fungu moja tu latosha kuuwasha mvuke wa thina za kawaida uliochanganyika na hewa vizuri. Mwili wa mtu aliyetengwa na ardhi, ukikusanya volti 10,000, una akiba ya mafungu ishirini au zaidi. Haba na haba hujaza kibaba.

Fikiri basi juu ya kijana mmoja, hodari na mwepisi wa kazi. Amevaa viatu vya soli nene za mpira na glovu nzito, akidhani anajikinga. Bomba lake ni zima, waya wake ni mzima. Lakini hewa yote mbele ya bomba imejaa chaji, nayo inamtua mwilini kidogo kidogo. Viatu vyamtenga na sakafu. Glovu zamtenga na mpini wa bomba uliounganishwa na ardhi. Sasa yeye mwenyewe amekuwa ufito wa Richmann. Ananyosha mkono kufungua pipa la thina. Cheche inaruka kutoka kidoleni, wala haizidi ile tuisikiayo tuvuapo sweta. Nusu dakika baadaye hakuna tena wa kueleza habari.

Ndiyo sababu sheria ya kwanza ya kazi hii ni moja tu, nyingine zote ni matawi yake: kila kipitishacho umeme, ila ncha ya bomba iliyokusudiwa, kiunganishwe na ardhi. Fundi avae viatu vinavyopitisha umeme, na kiganja chake kiguse mpini; akivaa glovu, ziwe za kupitisha umeme au zikatwe kiganjani. Ndoo, pipa, meza, hata fundi wa pili aliyesimama karibu, wote waunganishwe. Fundi asiweke mfukoni vyuma visivyo na kazi, na aache pete yake nyumbani. Mtu mwenye chombo cha kusaidia moyo kilichowekwa kifuani asikaribie kabisa.

Kulabu nazo zina siri yake. Kila siku hupakwa rangi pamoja na vitu, na rangi ikikauka huzuia umeme. Kulabu iliyovikwa rangi nene hukitenga kitu na ardhi. Rangi haikivuti tena vizuri, na kitu hicho chaweza kurusha cheche. Kwa hiyo kulabu zisuguliwe hata chuma kionekane. Mkaguzi hupima njia kutoka kitu hadi ardhini, nayo isizidi kizuizi cha ohmu milioni moja. Waswahili wasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huku viwandani ufa wenyewe ni tabaka la rangi.

Sheria ya pili ni hewa. Feni za kutoa mvuke zianze kabla ya kazi na ziendelee baada yake, na mtambo uungwe hivi kwamba feni ikisimama, umeme mkali na rangi navyo visimame. Fundi avae barakoa yenye vichujio vifaavyo kwa rangi anayoitumia, maana mapafu hayanunuliwi dukani. Wala asidhani kwamba rangi ya unga haina hatari. Vumbi lake likijaa hewani laweza kulipuka.

Sheria ya tatu ni mpango katika kusafisha, kwa kuwa wengi hupata ajali wakati kazi imekwisha na akili imekwenda nyumbani. Zima umeme mkali kwanza. Kisha funga rangi na hewa, na uondoe nguvu iliyobaki katika mipira. Gusisha ncha ya bomba kwenye chuma kilichounganishwa na ardhi ili umeme uliosalia umwagike. Ndipo usafishe, feni zikizunguka, kwa chombo cha chuma kilichounganishwa na ardhi, na kwa dawa isiyotoa mvuke uwakao katika joto la chumba kile. Usilitumbukize bomba zima katika dawa. Usielekeze ncha mkononi, maana mabomba mengine yana nguvu ya kuipenyeza rangi chini ya ngozi, na jeraha la namna hiyo, ingawa laonekana kama tundu la sindano, ni la kukimbizwa hospitali saa ile ile. Kebo au kizuizi kilichoharibika kibadilishwe kwa kile cha mtengenezaji. Waya wa kubahatisha haufai.

Msomaji, labda hutashika bomba la rangi maisha yako yote. Lakini siku moja utasimama mbele ya mtambo fulani, au utawekwa kuwa msimamizi wa wenzako, na mtu mwenye haraka atakuambia kwamba sheria hizi ni za waoga. Siku hiyo umkumbuke mtaalamu aliyekufa mwaka wa 1753 akiwa na elimu kuliko watu wengi wa zama zake. Hakukosa elimu, alikosa waya mmoja wa kwenda ardhini. Nguvu ivutayo jani kavu kwenye kaharabu ndiyo ipakayo rangi ya baiskeli, nayo ndiyo iwashayo moto. Haina rafiki wala adui. Inatafuta njia tu, na ni kazi yetu kuiwekea njia iliyo njema kabla haijajichagulia yenyewe.