Dawa ya Kupukutisha Majani

Kila mkaaji wa Ugogo na Kondoa ajua kwamba mbuyu hupukutisha majani wakati wa kiangazi, wala haufi. Mahali kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi pana utando mwembamba. Jani likiwa zima hutoa kitu kiitwacho auksini, nacho huushika utando huo imara. Jani likizeeka, auksini hupungua, utando hulegea, na jani huanguka.

Katika miaka ya 1940 wataalamu wa Uingereza na Marekani walitengeneza dawa zilizofanana na auksini, nazo ni 2,4-D na 2,4,5-T. Zikiwa kidogo sana huukuza mmea. Zikizidi, mmea hukua ovyo, majani hujipinda na kupukutika, na pengine mmea hufa.

Basi, dawa hizo zilifikaje kwetu? Adui wetu wa siku nyingi ni mbung'o, aletaye malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Mdudu huyu hawezi kustahimili jua kali, hutaka kivuli. Kwa hiyo wazee wetu walifyeka mapori kwa mashoka na moto, kwa jasho jingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wa serikali ya Kiingereza walizijaribu dawa hizo huko Kikore, Kondoa, ili miti ivuliwe majani na mbung'o akose makao.

Lakini miaka ile ile Waingereza walikuwa wakipigana na waasi huko Malaya, nako dawa za namna hiyo zilitumika kuondoa majani kando ya barabara na kuharibu mashamba ya chakula. Kisha, tangu 1962 hata 1971, Marekani ilimwaga dawa za kuua mimea juu ya Vietnam, zaidi ya lita milioni 70. Ndani ya 2,4,5-T mlikuwa na sumu iitwayo dioksini, nayo iliwadhuru watu muda mrefu baada ya vita kwisha.

Hata leo, katika mashamba makubwa ya pamba ya Marekani, mimea hunyunyizwa dawa za kupukutisha majani ili mashine ivune pamba safi. Maarifa ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Dawa mpya ikiletwa shambani kwetu, yatupasa kuuliza: ina nini ndani yake? Mvua ikinyesha itachukuliwa wapi? Na faida yake ni ya nani?