Uhamishaji wa maombi ya habeas corpus (Marekani)

Uhamishaji wa maombi ya habeas corpus ni utaratibu ambao mahakama ya wilaya ya shirikisho nchini Marekani hulipeleka jalada la mfungwa anayepinga kuzuiliwa kwake kwenye mahakama nyingine ya ngazi hiyohiyo. Mahakama inayohamisha haiamui uhalali wa kifungo, bali mahali swali hilo litakaposikilizwa.

Msingi wa kisheria

California, Texas na New York kila moja lina wilaya nne za mahakama za shirikisho. Kifungu cha 2241(d) cha Sura ya 28 ya Sheria za Marekani, kilichoongezwa mwaka 1966, kinamruhusu mfungwa aliyehukumiwa na mahakama ya jimbo lenye wilaya zaidi ya moja kufungua maombi katika wilaya anakofungwa au ile alikotiwa hatiani. Mahakama zote mbili zina mamlaka. Iliyopokea maombi yaweza kuyahamishia kwa mwenzake kwa masilahi ya haki. Mahakama isiyo na mamlaka kabisa hutumia kifungu cha 1631 cha mwaka 1982, na maombi huhesabiwa kuwa yalifunguliwa siku yalipopokelewa mara ya kwanza. Kinga hiyo ni muhimu, kwani sheria kali ya 1996 humpa mfungwa wa jimbo mwaka mmoja tu, kwa kawaida tangu hukumu yake iwe ya mwisho.

Utaratibu

Huko California, maombi yanayopinga hatia husikilizwa kwa kawaida katika wilaya ya hukumu, zilipo kumbukumbu na mashahidi. Yanayohusu utekelezaji wa adhabu hubaki wilaya ya gereza. Hivyo mfungwa wa gereza la Pelican Bay, karibu na mpaka wa Oregon, aliyehukumiwa Los Angeles, akifungua maombi kwa ada ya dola 5 San Francisco, katika wilaya ya gereza lake, jalada lake huenda likahamishiwa Los Angeles. Mwenyewe habanduki gerezani.

Kesi mashuhuri

Mitsuye Endo, Mmarekani mwenye asili ya Japani, alifungua maombi California mwaka 1942, kisha serikali iliyokuwa imemzuilia ikampeleka kambi ya Topaz, Utah. Mwaka 1944 Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuhamishwa kwake hakukuiondolea mahakama ya California mamlaka.

José Padilla, mfungwa mwingine wa serikali, hakupata bahati hiyo. Juni 9, 2002 alitolewa New York akapelekwa gereza la jeshi la majini Charleston, South Carolina. Wakili wake alifungua maombi New York siku mbili baadaye. Mwaka 2004, kwa kura 5 dhidi ya 4, Mahakama ya Juu ilisema yalipaswa kufunguliwa South Carolina, dhidi ya mkuu wa gereza hilo.

Wafungwa wa shirikisho

Tangu 1948 wafungwa waliohukumiwa na mahakama za shirikisho hupinga hukumu zao kwa kifungu cha 2255, mbele ya mahakama iliyowahukumu.

Hali ya sasa

Utaratibu huu umejitokeza pia katika mashauri ya uhamiaji. Machi 2025 jaji wa New York alihamishia New Jersey maombi ya mwanaharakati wa Kipalestina aliyekuwa amezuiliwa huko yalipofunguliwa, ingawa serikali, iliyokwisha kumpeleka Louisiana, ilitaka shauri liende huko.