Mabasi ya Umeme ya Léopoldville

Sisi wa Butembo na Beni twaujua udongo wa wakati wa mvua. Njia ikilowa, lori hukwama, na chukudu hulazwa kando. Kwa hiyo wasomaji wetu wataelewa upesi habari hii ya Kinshasa, zamani Léopoldville, maana matope yalisaidia kuiangusha kazi kubwa ya mafundi.

Katika miaka ya 1950 mji ule ulikua mbio. Watu walikaa mbali na karakana na maofisi, wengi wakaenda kazini kwa miguu. Miji mingi ya Ulaya ilikuwa na tramu, yaani gari la umeme lipitalo juu ya reli na chini ya nyaya. Lakini reli ni ghali, nazo nyaya vilevile. Kiwanda cha Oerlikon, katika Uswisi, kilivumbua njia nyingine: basi lenye gurudumu la chuma tumboni, uzito wake tani 1 na nusu. Wakaliita gyrobus.

Tufikiri pia ya watoto. Ukiizungusha kwa nguvu, yaendelea kuzunguka hata mkono ukiisha kuiacha. Ndivyo lilivyokuwa gurudumu lile. Kituoni basi liliinua mikono mitatu juu ya paa, likagusa nguzo ya umeme, na kwa dakika chache gurudumu likazungushwa hata kufika mara 3000 kwa dakika. Kisha basi likaondoka, na nguvu ya mzunguko ule ikageuzwa tena kuwa umeme wa kuliendesha. Liliweza kwenda kilometa 6 hivi, bila moshi wala mazuti. Sisi twaona hiyo ilikuwa akili kweli.

Yverdon, mji mdogo wa Uswisi, walianza mwaka 1953. Léopoldville wakafuata mwaka 1955, wakawapita wote kwa wingi: mabasi 12, njia 4, na nguzo za umeme kila kilometa 2 hivi. Basi moja lilichukua hata watu 90.

Masumbuko hayakukawia. Mashoferi, kwa kutaka kufupisha safari, walikata njia zisizo na lami, nazo kwa mvua zikawa tope tupu. Na basi lilikuwa na tani karibu 11 kabla hajapanda mtu! Gololi za gurudumu zikavunjika, unyevu ukatesa mota. Tusiwalaumu mno mashoferi. Mashini ya barabara za Uswisi ingefaa kupimwa kwanza katika mvua ya Kongo.

Lakini lililoyamaliza ni bei ya umeme. Kila kilometa ililiwa zaidi ya kilowati-saa 3. Katikati ya mwaka 1959, miezi michache baada ya ghasia za Januari, wenye kazi wakayaacha, wakashika mabasi ya mazuti. Mji wa Gand katika Ubelgiji, ulioanza 1956, uliacha mwaka uleule, na Yverdon mwaka 1960. Basi moja la Gand limehifadhiwa katika jumba la makumbusho huko Ubelgiji.