Tanuri za Songea: Habari za Mkate wa Ngano Ungonini

Mtu akiniuliza mkate wa ngano ulitiaje mizizi katika nchi ya Songea, ambako tangu zama za mababu riziki ilitoka katika ulezi na mahindi, nitamwelekeza kwanza Peramiho, yapata kilomita 24 magharibi ya mji, ambako Padre Cassian Spiss na wenzake, Wabenediktini wa St. Ottilien, walianzisha misheni mwaka 1898. Watu hao walitumwa kutoka Bavaria, nchi ya mikate, na dini yao nayo iliwalazimu kuwa na ngano, maana sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu misa kusomwa kwa hostia ya nafaka nyingine, hata kama mahindi yamejaa ghalani.

Utulivu wa misheni hiyo haukudumu. Vita vya Maji Maji vilipozuka mwaka 1905, Spiss, ambaye sasa alikuwa askofu, aliuawa njiani karibu na Liwale mwezi wa Agosti, na baadaye Peramiho ikatiwa moto. Majeshi ya Kijerumani yakalipiza kisasi kwa kuteketeza mashamba na maghala, yakawanyonga wakuu wa Wangoni mjini Songea tarehe 27 Februari 1906, na njaa iliyofuata ikaangamiza nafsi nyingi kuliko risasi. Sioni insafu kusimulia habari za mikate ya Songea bila kuitaja njaa hiyo.

Misheni ilijengwa upya, ikapata daraja ya abasia mwaka 1931. Lakini mkate ulibaki kuwa chakula cha wachache kwa muda mrefu, na baada ya vita vya Kagera dhidi ya Uganda unga wa ngano uliadimika nchini kote. Kilichougeuza mkate kuwa chakula cha kila mtaa, kwa rai yangu, ni barabara ya lami ya kutoka Makambako hadi Songea, iliyokamilika katika miaka ya 1980, pamoja na kulegezwa kwa biashara wakati huohuo. Maana ngano yetu kwa sehemu kubwa huagizwa ng'ambo, na bila malori Songea haiumui donge hata moja.

Leo skonzi, yaani mikate midogo ya ngano, huokwa katika mitaa ya Majengo, Mfaranyaki na Lizaboni, aghalabu na akina mama wenye tanuri ya kuni nyuma ya nyumba. Nimezionja, na zilizo bora ni zile ambazo mwokaji amezistahimilia. Kwani mji huu uko juu ya mita 1,000, na katika baridi ya Juni na Julai hamira hulala, donge likahitaji kufunikwa na kuwekwa karibu na jiko hadi liumuke. Anayeharakisha hupata skonzi nzito, isiyochambuka.

Baridi hiyohiyo ingeifaa kruasani, ambayo siagi yake hukunjwa tabaka kwa tabaka na huharibika ikiyeyuka. Asili yake ni Vienna. August Zang aliipeleka Paris mwishoni mwa miaka ya 1830, na umbo lake hili la tabaka lilienea mwanzoni mwa karne ya 20, kwa hiyo si kongwe kuliko Peramiho. Sioni sababu ya waokaji wetu kuiogopa.

Nawasihi wenyeji na wageni wa Songea wazinunue skonzi za mtaani alfajiri, zingali na moto, kabla ya kuunyooshea mkono mkate wa dukani uliosafiri siku nzima katika lori.