Fonti ya Kitajiri Ilivyokula Jina la Shosho

Wasee, leo si stori ya mastaa. Ni stori ya herufi, na iko na deni ndani yake.

Mwaka nilioacha chuo nilikuwa natengeneza posta na programu za mazishi kwa laptopu ya kuazima. Familia moja ya mtaa wetu ikanipa kazi ya shosho wao, Hannah. Jina nikaliandika kwa herufi kubwa za Bodoni, ile fonti yenye nguzo nene na mistari myembamba kama uzi. Kwa skrini ilikaa jalada la Vogue. Tukatoa fotokopi saiba, karatasi ya bei ya chini.

Asubuhi ya mazishi nikafungua boksi. H imepoteza daraja la katikati, zimebaki nguzo mbili. N imepoteza miguu yote miwili, umebaki mshazari tu. Jina la marehemu limekuwa vijiti. Kifungua mimba wake akaangalia, akanyamaza, akasema, "Sawa tu, kijana." Hiyo "sawa tu" iliniuma kuliko matusi.

Basi nikaanza kuuliza: hizi herufi zilitoka wapi, na mbona kwao zilikubali?

Twende Birmingham, Uingereza. John Baskerville alikuwa mwalimu wa mwandiko, halafu akatajirika na biashara ya vyombo vya kung'arishwa kwa vanishi. Doo ikamwingiza kwa uchapaji. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, kilitoka 1757. Alitaka mistari myembamba, lakini karatasi nyingi za enzi hizo zilikuwa na matuta. Kwa hivyo jamaa hakubadilisha herufi peke yake. Alitafuta karatasi laini ya aina mpya, akapika wino mweusi zaidi, na kurasa zikitoka kuchapwa anazibana kwa bamba za shaba zenye moto. Ule umaridadi ulikuwa kazi ya karakana nzima.

Watu walimponda. Mmoja alidai mistari yake myembamba itapofusha wasomaji wa nchi nzima. Benjamin Franklin, rafiki wa Baskerville, akamchezea mchezo: akachukua sampuli ya herufi za Caslon, ambazo huyo msee alikuwa amezisoma maisha yake yote bila shida, akararua sehemu yenye jina, akampa akisema ni za Baskerville. Msee akaanza kuonyesha makosa moja baada ya lingine! Franklin alimwandikia Baskerville hiyo stori 1760.

Sasa Italia. Giambattista Bodoni, mtoto wa mchapaji, alizaliwa Saluzzo mwaka 1740. Alifanya kazi Roma kwenye kiwanda cha uchapaji cha Kanisa kilichochapa vitabu vya wamisionari, halafu 1768 akachukuliwa Parma kusimamia kiwanda cha mtawala. Hapo ndipo alipoenda mbali kuliko Baskerville: nene ikawa nene zaidi, nyembamba ikawa unywele, na nafasi nyeupe kila upande. Paris nako Firmin Didot, wa ukoo wa wachapaji, alikuwa kwenye njia hiyo hiyo miaka ya 1780. Bodoni alifariki 1813 kabla ya kutoa kitabu kikubwa cha herufi zake. Aliyekimaliza ni mjane wake, Margherita Dall'Aglio, juzuu mbili, 1818. Jina la mume tunalo kwa kompyuta nyingi. La mke ni wangapi tunalijua?

Hapa ndipo niligundua kosa langu. Enzi za risasi, kila saizi ya herufi ilichongwa peke yake. Fundi akichonga ndogo, anaweza kuongezea ule uzi unene kidogo ili usipotee. Kompyuta yangu ilikuwa na mchoro mmoja tu, ikaukunja kutoka saizi ya posta hadi saizi ya programu, na uzi ukakunjwa nao. Wenye pesa wanajua hili. Jarida la Harper's Bazaar lilipojipanga upya 1992, Jonathan Hoefler alilichorea Didot yenye michoro saba tofauti, kutoka saizi 6 hadi 96, ndio ule uzi ukae sawa kila mahali.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunanunua sura ya utajiri bila karatasi, wino na fundi waliokuwa nyuma yake. Halafu ikikataa tunalaumu printa ya saiba. Yule mkosoaji aliyechezwa na Franklin alionea Baskerville, lakini angeniambia mimi hayo maneno, angekuwa sawa kabisa. Programu ya mazishi si jalada. Ni karatasi ambayo mama wa kiti cha nyuma, bila miwani, anatafutia jina la rafiki yake.

Juzi familia ilifanya ibada ya kumbukumbu. Nikaomba kazi, bure. Jina nikaliweka kubwa, Bodoni, robo ya ukurasa. Maandishi madogo nikayapa fonti yenye mwili. Kabla ya kutoa zote, nikaprinti moja kwa mashine ile ile, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni.

H ilikuwa na daraja lake. Yule kifungua mimba hakusema kitu. Alikunja nakala moja, akaiweka ndani ya Biblia.

Wewe unayedizaini, printi moja kwanza. Na uniambie: ni jina la nani umewahi kuharibu?