Kawagoe, Mji wa Mioto Miwili

Mji wa Kawagoe, ulioko katika mkoa wa Saitama kiasi cha kilomita 30 kaskazini-magharibi ya katikati ya Tokyo, umepewa na Wajapani lakabu ya Koedo, yaani Edo Ndogo, kwa kuwa mtaa wake mkuu husemekana umehifadhi sura ya Edo, makao ya watawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, kabla makao hayo hayajaitwa Tokyo mwaka 1868. Lakabu hiyo ina ukweli wake, lakini si ule anaoudhania mgeni anayeshuka garimoshi asubuhi kwa matembezi ya kutwa, kwani maduka meusi yenye kuta nene anayoyakuta katika mtaa wa Ichibangai karibu yote yalijengwa baada ya Machi 1893, miaka 25 tangu utawala wa Tokugawa uanguke, wakati Japani ilikwisha kuwa na reli, katiba na viwanda vya nguo.

Tarehe 17 ya mwezi huo moto uliteketeza nyumba 1,302, takriban theluthi moja ya mji. Miongoni mwa majengo machache yaliyonusurika katika eneo lililoungua ilikuwamo nyumba ya Osawa, duka lililojengwa na mfanyabiashara wa nguo mwaka 1792 kwa mtindo wa kura, yaani ghala la udongo. Wenye mali walioibuka maskini usiku mmoja hawakuhitaji mhandisi wa kuwafafanulia maana ya jambo hilo: walipoanza kujenga upya, walijenga maduka yao kama maghala.

Kwanza kilisimamishwa kiunzi cha mbao, kisha ukasukwa wavu wa fito za mianzi zilizofungwa kwa kamba, na juu yake ukakandikwa udongo uliochanganywa na mabua yaliyokatwakatwa, tabaka baada ya tabaka, kila moja likiachwa likauke kabla ya jingine, hata ukuta ukafikia unene wa sentimita 20 au 30. Msomaji aliyekulia katika nyumba ya fito na udongo atautambua ufundi huo mara moja, ila hapa udongo ulikusudiwa hasa kuunyima moto njia ya kuufikia mti. Mwisho ilipakwa chokaa iliyotiwa nyuzi za katani na gundi ya mwani, na ili iwe nyeusi ilichanganywa na masizi, kisha ikasuguliwa mpaka ikang'aa. Madirisha ya ghorofani yalitiwa milango ya udongo ya pande mbili, mizito, ambayo kingo zake zilichongwa kwa vidato kama vya ngazi ili upande mmoja uingie barabara katika mwenzake, na mwanya wowote uliobaki ulizibwa kwa udongo mbichi uliowekwa tayari kwa siku ya hatari. Paa liliezekwa vigae, na mgongo wake ukainuliwa kwa kimo kisichohitajiwa na mvua wala moto. Hapo usalama ulikwisha na majivuno yakaanza.

Yafaa kuuliza kwa nini hawakuchagua matofali, ambayo serikali yenyewe ilikwisha kuyatumia kuujenga upya mtaa wa Ginza jijini Tokyo baada ya moto wa mwaka 1872. Jibu linaelekea kuwa la kibiashara. Amri ya mwaka 1881 iliwaruhusu wenye majengo katika barabara kuu za Tokyo kuchagua kati ya matofali, mawe na kura, na matajiri wengi wa Nihonbashi, ambao wafanyabiashara wa Kawagoe walifanya nao biashara, walichagua kura. Kumwiga mteja mkubwa kulikuwa heshima, na pia dalili ya kuaminika. Maduka hayo ya Tokyo yaliangamia katika tetemeko la ardhi la tarehe 1 Septemba 1923 na mabomu ya mwaka 1945, kwa hiyo Kawagoe imebaki na sura ya Tokyo ambayo Tokyo yenyewe haina tena. Tetemeko hilohilo lilikuza pia uchochoro wa Kawagoe wa watengenezaji wa peremende, uliopo hadi leo, kwa kuwa wapinzani wao wa Tokyo walikuwa wamepoteza karakana zao.

Hata hivyo, kuta nene zisingeuokoa mtaa huo kama biashara isingeuhama. Reli ilifika mwaka 1895, na njia nyingine, ya kwenda Ikebukuro jijini Tokyo, mwaka 1914; stesheni zikawa kusini mwa mji, na fedha zikafuata stesheni. Mtaa wa zamani ukadorora, wenye maduka wakaficha kuta zao nyuma ya mabango, na baadhi ya majengo yakabomolewa. Nyumba ya Osawa ililindwa kisheria mwaka 1971, lakini mwamko wa mtaa mzima ulitoka kwa wakazi, ambao mwaka 1983 waliunda chama chao na baadaye wakajitungia kanuni 67 za ujenzi; nyaya za umeme zilifukiwa chini ya ardhi, na mwaka 1999 serikali ikautambua mtaa huo kuwa eneo la kuhifadhiwa.

Anayetaka kuiona Edo hasa hana budi kuutoka mtaa huo na kutembea hadi hekalu la Kitain, ambalo nalo ni zao la moto, ule wa mwaka 1638. Baada ya hekalu kuungua, Iemitsu, shogun wa tatu wa ukoo wa Tokugawa, aliamuru vyumba kadhaa vya ngome ya Edo vibomolewe na kupelekwa huko, kikiwamo kile kinachosimuliwa kuwa ndicho alimozaliwa. Makasri yaliyobaki Edo yaliungua mwaka 1657, na hivyo vyumba vilivyohamishwa vikapona kwa kuwa havikuwapo. Vifaa vya ujenzi wa wakati huo vililetwa kwa mashua kupitia mto Shingashi, na safari hizo ndizo zinazohesabiwa kuwa mwanzo wa usafirishaji wa mtoni, ambao Matsudaira Nobutsuna, aliyepewa himaya ya Kawagoe mwaka 1639, aliuendeleza kwa kuurekebisha mto wenyewe na kuuacha na makona mengi ili maji yasikimbie upesi yakaiacha mashua mchangani. Kwa njia hiyo nafaka na viazi vitamu vilishuka kwenda Asakusa huko Edo, chumvi na mbolea zikapanda, na faida yake ndiyo iliyolipia udongo na chokaa ya mwaka 1893. Mashua zilikoma mwaka 1931, baada ya mto kunyooshwa ili kuzuia mafuriko.